Mkunazi Katika Nyumba Zetu



Awali ya yote naishukuru Kamati kwa kunipa heshima ya kusema nanyi mchana huu. Katibu aliponipigia simu aliniomba nizungumze juu ya historia ya ukoo. Nikamjibu kuwa historia ya ukoo ina wenyewe, na wenyewe wako hai, na kila mmoja ana nasaba yake anayoishikilia kwa meno; mimi, karani mstaafu, sipendi kugombana na mtu siku ya karamu. Nikaomba badala yake niruhusiwe kusema juu ya mti. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza ni mti gani. Nikamwambia mkunazi. Akacheka, akasema, "Haya, ami, lakini usizidishe nusu saa."

Basi nasema juu ya mkunazi, na nina sababu yangu, nitakayoieleza nikifika mahali pake.

Nimesema mti, lakini wengi wetu tuliokulia Lamu na Malindi tuliujua kama kichaka. Penye ardhi nzuri na maji huinuka ukawa mti wa kukaa chini yake. Penye mchanga, mawe na mbuzi hubaki kichaka cha kimo cha mtu, matawi yamening'inia mpaka chini. Mizizi yake huzama mbali sana kutafuta maji, ndiyo maana wakati wa kiangazi, majani yote yakiwa yamekauka, mkunazi bado una ukijani. Jani lake ni la mviringo, lina mishipa mitatu inayoanza pamoja kwenye kikonyo. Uso wa juu hung'aa, na uso wa chini ni mweupeweupe, kama umepakwa unga. Na miiba yake huja miwili miwili: mmoja umenyooka, wa pili umepinda kama ndoana. Ule ulionyooka hukuchoma unapoingiza mkono, na ule uliopinda hukushika unapoutoa. Wazee waliokaa hapa mbele naona wanajitazama viganja, hawahitaji kuelezwa.

Jina lake la kitaalamu ni Ziziphus mauritiana, nalo alilipa mtaalamu wa Kifaransa, Lamarck, mwaka 1789, akiunasibisha na kisiwa cha Morisi. Sisi hatukumngoja Lamarck. Watu wa Unguja wana mtaa mzima uitwao Mkunazini, pale mjini lilipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873 na mahali ambapo Waingereza walijenga kanisa lao kuu. Kila nipitapo hapo huwaza kuwa mti uliolipa jina eneo lile ulikuwa ukitoa kivuli na matunda mahali pa mambo mazito namna ile.

Sasa nije kwenye tunda, kwani nawaona watoto wamekwisha kuanza kuyafikia mabakuli kabla ya ruhusa.

Kunazi ya kwetu ni ndogo, kadiri ya gololi. Ikiwa mbichi ni ya kijani, ina ukali unaokaza ulimi. Ikianza kuiva hugeuka manjano na ndipo huwa na ule utamu wenye uchachu. Ikizidi huwa nyekundu ya kahawia, ikanywea na kukunjamana, na nyama yake ikawa kama unga mtamu. Watu hugawanyika kwa hili. Marehemu baba alipenda zilizonywea. Sisi watoto tulizitaka zikiwa manjano zenye wekundu ubavuni, na tulijua saa ya kwenda, nayo ni alfajiri, kabla ya ndege na kabla ya watoto wa mtaa wa pili. Hatukuzichuma kwa mkono. Tulitikisa tawi kwa upondo, mmoja wetu akitandaza kanga ya mama aliyoichukua bila ya idhini, na kipigo kilichofuata hakikuwa cha kunazi bali cha kanga iliyotobolewa na miiba.

Bibi yetu alizianika juu ya jamvi mpaka zikatoa mlio zikitikiswa, akazitia kwenye mtungi. Baadhi yake alizichanganya na chumvi na pilipili ya unga, akatufungia katika vikaratasi, tukaenda navyo chuoni. Mwalimu alikuwa akitunyang'anya, kisha tukimwona anazila yeye mwenyewe tukitoka. Siku za uhaba, na siku hizo zilikuwako kuliko wanavyokumbuka wanaosema kuwa zamani kila kitu kilikuwa tele, kunazi kavu na kikombe cha chai ya rangi vilikuwa ndicho chakula cha mchana cha watoto watatu. Bibi hakuiita njaa. Alisema, "Leo tunakula kunazi."

Miaka mingi baadaye nilisoma kuwa tunda hili lina vitamini C kwa wingi, mara nyingi kuliko chungwa, hasa likiwa bichi. Sisi tulikuwa tukilia machungwa tuliyoyaona kwenye vitabu vya shule, ilhali tumekalia dawa ya fizi.

Wala si sisi peke yetu. Katika bonde la mto Zambezi, huko Zimbabwe, Zambia, Malawi na Msumbiji, tunda hili huitwa masau. Hukaushwa na kusagwa, unga wake ukatiwa katika uji, na wako wanaolivundika na kulikeneka wakapata pombe kali iitwayo kachasu. Hilo la mwisho nimelitaja kwa ajili ya elimu tu. Kwa Wahindi ndiyo ber, na Wagujarati tuliokuwa nao Mombasa huita bor. Hao ndio waliouchukua mti wa mwituni wakaufanya mti wa shamba: hubebesha jicho la mti bora juu ya shina la mkunazi wa kawaida, nao ukazaa tunda kubwa, tamu, la nyama nyingi. Hizo ndizo kunazi mnazoziona mezani leo. Nimezinunua jana katika duka la Wahindi la mji huu, kwani mwezi wa Februari ni msimu wake. Dada yangu alipoziona alisema, "Hizi si kunazi, hizi ni tufaha zilizopungua." Ni kweli kuwa zina utamu zaidi na uchachu kidogo. Mzionje, kisha muwaulize wazee ladha gani imekosekana. Kila mmoja atakupeni jibu lake na yote ni sahihi.

Huko Queensland, Australia, mkunazi uliingizwa na watu, ukaipenda nchi, ukaenea malishoni mpaka serikali ikautangaza kuwa gugu la kudhibitiwa. Sisi tulio wageni katika nchi za watu tusiusimange. Tunajua maneno husemwaje.

Ndugu zetu waliotoka Maskati wananitazama kwa jicho la kusema kwamba wao wana wao. Ndiyo, nami sikuwasahau. Mkunazi wa Oman si huu hasa, bali ni ndugu yake wa karibu, aitwaye kwa Kiarabu sidri, na kitaalamu Ziziphus spina-christi, maana yake mwiba wa Kristo, kwa kuwa kuna masimulizi ya Wakristo kwamba taji la miiba lilisukwa kwa mti huu. Ukitaka kuwatambua, geuza jani: wa kwetu una weupe wa manyoya chini, wa Oman hauna weupe ule. Tunda lake huitwa nabaki. Maua yake hufunguka wakati joto limepungua, kiasi cha mwezi wa Oktoba na Novemba, na nyuki wakayaendea, ikapatikana asali ya sidri ambayo Waomani huithamini pamoja na ile ya mti wa sumri ipatikanayo mwanzo wa kiangazi chao. Wazee wetu waliotoka Oman na kuja pwani wakiona mkunazi walisema, "Sidri hii." Na wajukuu zao waliokwenda Oman wakiona sidri wakasema, "Mkunazi huu." Nadhani katika safari zote zile mbili hakuna kilichowatuliza roho kama kuona kwamba mti umekwisha kutangulia kufika.

Na wafasiri wetu wa Qur'ani walipolikuta neno sidri hawakuhangaika, wakaandika mkunazi: katika Sura Saba, palipotajwa mikunazi michache iliyobaki baada ya gharika, katika Al-Waqia, palipotajwa mikunazi ya Peponi isiyo na miiba, na hapo kila mtoto wa Lamu huelewa neema hiyo bila ya tafsiri, na katika An-Najm, ule Mkunazi wa mwisho. Kadhalika kuna hadithi katika mkusanyo wa Abu Daudi ya kumkemea mwenye kukata mkunazi, na yeye Abu Daudi mwenyewe aliieleza kuwa ni ule ulioko nyikani, ambao wasafiri na wanyama hupata kivuli chake, akaukata mtu kwa dhuluma. Hiyo ni sheria nzuri ya misitu, na ingefaa iwekwe katika ofisi za wilaya nilizozifanyia kazi, ambako kila mkaa uliopita chini ya pua zetu ulikuwa na kibali.

Turudi kwenye majani, kwa kuwa huko ndiko ninakokwenda.

Majani ya mkunazi yana kitu ambacho wataalamu hukiita saponini, nacho ndicho kinachofanya povu. Twanga majani, tia maji, piga kwa mkono kama upigavyo yai, utaona povu jeupe linapanda. Kabla ya sabuni za dukani, na baada yake pia, mama zetu waliosha nywele kwa povu hili, na wanawake wa Oman hadi leo huosha. Nywele hubaki laini, ngozi ya kichwa haikauki. Mbuzi nao huyala majani haya bila ya kuhitaji maelezo ya saponini.

Povu hilo ndilo linalotumika katika josho la maiti. Imesimuliwa na Ummu Atiyya, katika hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, kuwa binti yake Mtume, rehema na amani zimshukie, alipofariki, waliomwosha waliamrishwa waoshe kwa idadi ya witiri, tatu au tano au zaidi wakiona haja, kwa maji na sidri, na katika josho la mwisho watie kafuri, nayo ndiyo tuiitayo karafuu maiti. Tangu hapo kila penye Waislamu na mkunazi, mambo haya mawili yamekuwa pamoja.

Sasa nifike kwenye sababu yangu.

Marehemu mama yetu, ambaye wengi humu ni bibi yenu au shangazi yenu, alikuja kutembelea nchi hii kwa mara ya kwanza mwaka 1996. Katika sanduku lake, baina ya kanga na mabamba ya halua, kulikuwa na mkebe wa bati uliokuwa wa biskuti, umefungwa kwa utepe. Ndani yake mlikuwa na majani ya mkunazi aliyoyakausha mwenyewe. Alinipa mimi mkononi, akasema, "Weka. Haya ni yangu." Nikaelewa, kwa kuwa mtu haelewi vibaya neno kama hilo, lakini nikafanya mzaha, nikamwambia nchi hii ina sabuni nyingi. Hakucheka. Mke wangu akauweka mkebe juu kabisa ya kabati la jikoni.

Mwaka 2001 mama alikuja kukaa nasi moja kwa moja. Mwaka 2004 tulipaka rangi jikoni. Nikauteremsha mkebe, nikaufungua, nikaona majani yamekuwa kahawia, yamevunjikavunjika, yananuka kama majani makavu ya ng'ombe. Nikayatupa. Mkebe nikautia misumari. Mama alikuwa chumbani akisali. Hakuniuliza, nami sikumwambia, na nilijisemea kuwa nitaagiza mengine kwa atakayekuja. Walikuja watu wanane au tisa katika miaka iliyofuata. Niliwaagiza halua, nikawaagiza papa, nikawaagiza mafaili ya ardhi. Majani sikuyakumbuka.

Akafariki mwezi wa Januari mwaka 2009, usiku, siku ya baridi kali. Wakaja wanawake wanne kumwosha, wakiongozwa na bibi mmoja wa Kibajuni, aliyekuwa akifanya kazi hiyo kwa ajili ya Mungu tangu alipofika huku. Mimi niko ukumbini kwa wanaume. Mlango ukafunguliwa kidogo, binti yangu akatoa kichwa, akasema, "Baba, wanauliza mkebe wa bibi. Amesema uko juu ya kabati la jikoni." Kumbe mama alikuwa akimwambia mjukuu wake mara kwa mara. Nikasema haupo. Akauliza uko wapi. Nikasema, "Haupo, mwanangu." Akarudi ndani, na nikamsikia yule bibi akisema kwa upole kabisa, "Basi lete sabuni."

Mama alioshwa kwa sabuni na karafuu maiti, na josho lake lilikuwa sahihi. Nilimwuliza sheikh wetu si mara moja, akanijibu kila mara kwamba sidri ni sunna, na pasipopatikana, sabuni au chochote kisafishacho chatosha. Hukumu ya sheria naikubali. Lakini mtu alinikabidhi kitu kimoja katika umri wake wote, nami niliyekuwa nikiweka mafaili ya serikali mbili bila ya kupoteza karatasi, sikukiweka.

Ndipo nikaanza kuuliza. Nilimpigia simu dada yetu mkubwa aliyebaki Lamu, nikamwambia anieleze mama alivyokuwa akifanya, nami niandike. Alikasirika kwanza, akasema jambo hilo halina kuandikwa, mtu huona kwa macho. Nikamwambia waliokuwa wakiona kwa macho tumetawanyika katika nchi nne. Akanieleza, nami nawasomea kama alivyosema.

Majani huchumwa asubuhi, umande ukishakauka, yale yaliyokomaa na si machanga, katika mti usiokuwa kando ya barabara. Hukung'utwa, huoshwa, hutandazwa juu ya mkeka kivulini, penye upepo, yakageuzwa kila siku. Juani huungua yakapoteza ukijani. Yakishaita mlio mkononi hutwangwa katika kinu kisichonuka kitunguu wala pilipili, na mama alikuwa na kinu chake mbali kwa kazi hiyo. Huchekechwa, hutiwa chomboni, na chombo kisipate unyevu. Kila mwaka hutengenezwa mapya, na ya zamani hutumiwa kuosha nywele za watoto wa kike. Hapo dada alinyamaza, nami nikaelewa kuwa mkebe ule wa 1996 ulipaswa kubadilishwa mara nane, na kwamba mama aliniachia kazi hiyo, si majani tu.

Wakati wa josho, huchukuliwa gao zima likatiwa katika beseni la maji ya uvuguvugu, likapigwa kwa mkono mpaka litoe povu. Povu huoshewa kichwa, na maji yaliyobaki yakachujwa yakaoshewa mwili.

Hayo ndiyo ya josho. Yako na ya tiba, nayo nataka niyaseme kwa uangalifu, kwa maana hapa ndipo mti wetu umetiwa maneno ambayo haukuyasema.

Nilivyoyaona nyumbani kwetu ni haya. Jani changa lililopondwa liliwekwa juu ya jipu ili lipasuke upesi. Unga wa mzizi ulinyunyizwa juu ya kidonda kichafu. Gome au mzizi ulichemshwa akapewa mwenye kuhara au mwenye tumbo la kusokota, kikombe kidogo, na ladha yake ilikuwa ya kukaza kinywa. Ukazo huo ni wa tanini, ile ile iliyomo katika chai kali, na si ajabu ukapunguza kuhara. Lakini mtoto anayehara hafi kwa kuhara, hufa kwa kukaukiwa na maji. Na bibi yetu, ambaye hakusoma, alikuwa akimpa mtoto maji ya mchele yenye chumvi pamoja na ule mzizi. Leo tuna chumvi maalumu za pakiti. Anayempa mtoto mzizi akamnyima maji hafuati desturi ya bibi, amechukua nusu yake.

Ile tunda nyekundu kama tende ndogo, mnayoiona katika maduka ya Waarabu kwa jina la unabu, ni jamaa wa tatu, wa Uchina, naye hunywewa kwa kifua na kikohozi. Wachina hutumia mbegu za mmoja wa jamii hiyo kwa mtu akosaye usingizi. Naeleza ili msichanganye. Mtu akikwambia mkunazi hufanya hivi, mwulize mkunazi upi, na sehemu ipi.

Na sasa sukari. Ndugu yetu mmoja aliyemo ukumbini ameniruhusu nilieleze lake bila ya kumtaja. Miaka sita iliyopita alipelekewa ujumbe katika simu, kwamba maji ya majani ya mkunazi yakinywewa asubuhi na jioni huondoa ugonjwa wa sukari kabisa. Akaacha vidonge vyake. Alikunywa majani wiki tatu, akajiona mzima, akawa anatutumia ujumbe ule ule sisi sote, na wengi wenu mliupata. Wiki ya nne aliokotwa sakafuni, akachukuliwa na gari la wagonjwa, akakaa hospitali siku kumi na moja. Ni kweli kuwa wachunguzi wamewapa panya wa maabara dawa ya majani ya jamii hii na katika baadhi ya majaribio sukari yao ikashuka. Lakini panya wale walipimwa kila siku, na kipimo walichopewa kilijulikana. Ndugu yetu alikuwa akipima kwa kikombe cha chai. Nilimwuliza kwa nini hakumwambia daktari wake. Alisema aliona haya, kwamba daktari atadhani sisi ni washenzi. Basi nawaomba, semeni. Nimeshuhudia madaktari wa nchi hii wakiandika jina la mti na kwenda kulitafuta, bila ya kumcheka mtu. Kinachowaudhi ni kufichwa.

Kuna pia wale wasemao juu ya majani saba yaliyopondwa kwa aliyerogwa. Hilo nimelisikia kwa waalimu wa dini wanaoheshimiwa, nalo si la fani yangu. Ninachokijua ni kuwa mwenye kutoza pauni mia tatu kwa majani saba hana haja ya kuambiwa mrogaji ni nani.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nina maombi mawili tu.

La kwanza ni kwa mama zetu na dada zetu. Mimi nimeandika ya dada yangu mmoja. Wa Mombasa watakuwa na yao, wa Maskati yao, na najua shangazi aliyekaa pale karibu na dirisha amekuwa akitikisa kichwa tangu niliposema habari ya maji ya uvuguvugu. Nimeweka daftari mezani. Kila mwenye kujua aandike, au amwite kijana amwandikie, na aandike hata kama hakubaliani nami, hasa kama hakubaliani nami. Kamati imekubali kuyachapisha katika kijitabu cha mkutano ujao.

La pili. Unga wa sidri siku hizi unauzwa huku katika maduka ya Waislamu, tofauti na miaka niliyokuja. Kwa hiyo hakuna nyumba yenye udhuru. Someni karatasi yake, muhakikishe ni jani tupu lisilochanganywa na hina wala manukato. Pakiti moja, juu ya kabati, na tarehe imeandikwa, na mtu mmoja kijana ajue ilipo na ajue ya mwaka gani. Wanaosafiri nawaomba wasibebe mbegu wala miche katika masanduku bila ya kibali. Nimekaa upande wa pili wa meza ile, na fomu ile si ya uadui.

Watoto, sasa mnaweza kula. Tafuneni kwa upole, ndani mna kokwa gumu sana linaloweza kuvunja jino. Makokwa msiyatupe, yarudisheni katika lile bakuli jeupe. Nyundo ninayo, tutayapasua kidogo upande ili maji yaingie, maana bila ya hivyo huchukua muda mrefu kuota, na ndani yake huwa na mbegu mbili. Kila atakaye atapewa kijikopo cha udongo akiweke ndani ya nyumba, dirishani, kwani baridi ya nje ya nchi hii itauua mche. Nawaambia mapema kwamba mti utakaoota hautazaa kunazi kubwa kama hizi. Hizi ni za kubebeshwa, na mbegu yake haifuati mama. Mara nyingi hurudi kwenye ile ndogo, chachu, yenye miiba miwili miwili. Wazee wamefurahi kusikia hivyo. Haya, bakuli lipite.